Evald Tipner: kipa wa nchi ndogo iliyofutwa kwenye ramani

Mfanyabiashara anayefunga magunia ya maharage Mbale usiku ili alfajiri awe Malaba, au anayetoka Jinja na shehena ya sabuni kuelekea Busia, huenda hajawahi kulisikia jina la Evald Tipner. Alikuwa mlinda mlango wa Estonia, nchi ndogo iliyo pembezoni mwa Bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya. Alidaka mipira miaka ya 1920 na 1930, akafariki mwaka 1947. Hata hivyo maisha yake yanagusa mambo ambayo watu wa mipakani huyaelewa haraka: majirani wanaogombana uwanjani na kufanya biashara sokoni, mji mmoja uliokatwa vipande viwili na mstari wa mpaka, na nchi ndogo iliyobanwa katikati ya wakubwa wawili.

Wapenzi wa soka wa Estonia wanamhesabu kuwa kipa bora wa nchi hiyo kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Aliichezea timu ya taifa zaidi ya mechi 60, wakati ambapo timu nyingi za taifa zilicheza mechi chache tu kwa mwaka.

Kijana wa Tallinn

Tipner alizaliwa Tallinn tarehe 13 Machi 1906. Wakati huo Estonia haikuwa nchi huru. Ilikuwa sehemu ya himaya ya mfalme wa Urusi, na Tallinn ilijulikana zaidi kwa jina la Reval. Ni mji wa bandari, na kama ilivyokuwa Mombasa na Zanzibar, mpira wa miguu ulishuka huko pamoja na mabaharia wa Kiingereza. Meli zilipotia nanga, mabaharia walitafuta uwanja wazi wakacheza, na vijana wa mji wakasimama pembeni kutazama. Baada ya muda wakaanzisha timu zao wenyewe. Mwaka 1909 timu mbili za Tallinn, Meteor na Merkuur, zilicheza mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kati ya timu za wenyeji. Tipner alikuwa na umri wa miaka 3.

Utoto wake ulipita katika misukosuko. Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza 1914. Mapinduzi ya Urusi yakafuata 1917. Estonia ilitangaza uhuru wake tarehe 24 Februari 1918, lakini siku iliyofuata jeshi la Ujerumani likaingia Tallinn. Wajerumani walipoondoka mwishoni mwa mwaka huo, Warusi wa Kikomunisti walishambulia, na taifa hilo changa likapigana karibu miezi 14. Mkataba wa amani ulitiwa saini mjini Tartu tarehe 2 Februari 1920. Tipner alikuwa anakaribia miaka 14, na kwa mara ya kwanza aliishi katika nchi yenye bendera yake.

Ilikuwa nchi ndogo. Watu wake wote walikuwa milioni 1 na laki 1 hivi, wachache kuliko wakazi wa Busoga peke yake leo. Nchi ya namna hiyo haitishi mtu kwa jeshi wala kwa fedha. Hujulikana kwa bidhaa zake, kwa elimu ya watu wake, na kwa wanamichezo wake. Kwa hiyo mpira kwa Waestonia ulibeba mzigo mzito: ulikuwa njia ya kuwaambia walimwengu kwamba sisi pia tupo.

Kazi ya kukaa golini

Mwanzo haukuwa mzuri. Tarehe 17 Oktoba 1920 Estonia ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa mjini Helsinki, na Finland ikawafunga 6-0. Hawakukata tamaa. Ligi ilianza 1921, chama cha soka kikaundwa Desemba mwaka huohuo, na 1923 nchi ikakubaliwa kuwa mwanachama wa FIFA. Mwaka 1924 timu ilisafiri hadi Paris kwenye Michezo ya Olimpiki, ikafungwa 1-0 na Marekani. Bao lilikuwa la penalti. Estonia nayo ilipata penalti yake, mpira ukagonga mwamba. Golini siku hiyo alikuwa August Lass, na Tipner alikuwa kijana wa miaka 18. Ni katika mwaka huo wa 1924 jina lake linaanza kuonekana katika timu ya taifa, na halikutoka hadi 1939.

Klabu yake ilikuwa Sport ya Tallinn, iliyokuwa tishio la zama hizo. Kati ya 1921 na 1933 ilitwaa ubingwa mara 9 katika misimu 13. Wapinzani wake wakubwa walikuwa Kalev na TJK, zote za mji huohuo. Mwenye kuujua ushindani wa Express na SC Villa anaweza kukisia hali ya mji wa Tallinn siku ya mechi.

Udakaji wa siku hizo haukuwa kama wa leo. Mpira ulikuwa wa ngozi, ulifungwa kwa kamba juu, na mvua ikinyesha ulinyonya maji ukawa mzito kama tofali. Sheria ilimruhusu mshambuliaji kumgonga kipa kwa bega alipokuwa ameushika mpira. Kipa mwoga alisukumwa ndani ya nyavu pamoja na mpira wake, na bao likahesabiwa.

Tena Tipner aliingia kazini wakati mgumu. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa duniani kote. Kabla ya hapo mshambuliaji alitakiwa awe na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli wakati anapopigiwa pasi. Sheria mpya ilitaka wawili tu. Mabao yakaongezeka kila mahali, na aliyeumia zaidi alikuwa kipa. Mabeki wake walizoea kupanda mbele na kumwacha mshambuliaji ameotea, sasa mshambuliaji huyohuyo alikuwa halali na anakuja mbio peke yake. Makipa wa zamani waliokuwa wakisubiri mstarini walijikuta wamepitwa. Tipner alikuwa na miaka 19, akajifunza kazi yake ndani ya sheria mpya tangu mwanzo.

Majira ya baridi uwanja wa Tallinn hufunikwa na theluji. Wachezaji wengi walihamia kwenye barafu, wakivaa viatu vyenye visu vya chuma chini yake na kupiga mpira mdogo kwa fimbo zilizopinda. Tipner naye alicheza michezo hiyo ya barafuni, tena kwa kiwango cha juu.

Kombe la majirani

Hapa ndipo hadithi ya Tipner inapokutana na ya kwetu. Estonia ina majirani wawili wanaofanana nayo kwa ukubwa na kwa historia, Latvia na Lithuania. Zote tatu zilitoka mikononi mwa Urusi wakati mmoja, na zote zilikuwa maskini wa mechi, kwa sababu mataifa makubwa ya Ulaya hayakuwa na haja ya kusafiri hadi Baltiki kucheza na wageni wasiojulikana. Mwaka 1928 zikaamua kuacha kusubiri kualikwa na wakubwa. Zikaanzisha Kombe la Baltiki. Mashindano yalizunguka kati ya Tallinn, Riga na Kaunas. Latvia ilichukua kombe la kwanza mjini Tallinn. Estonia ikalichukua Riga mwaka 1929, halafu nyumbani mwaka 1931, na tena 1938.

Sasa tuangalie Afrika Mashariki ya wakati uleule. Mwaka 1926, miaka miwili kabla ya Kombe la Baltiki, Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage. Gossage ilikuwa kampuni ya sabuni ya Uingereza, na kombe lilitolewa ili jina la sabuni hiyo likae midomoni mwa watu. Kenya ilishinda lile la kwanza. Tanganyika iliingia 1945, Zanzibar ikafuata 1949, na ni kutokana na mashindano hayo ndipo baadaye yakazaliwa mashindano ya Chalenji tunayoyajua leo. Mfanyabiashara wa sabuni anaweza kujivunia kwamba bidhaa yake ndiyo iliyowaleta majirani uwanjani kabla ya wanasiasa kukaa meza moja. Hata leo Jinja ina BUL, klabu ya kiwanda cha mafuta ya kupikia na sabuni, iliyotwaa Kombe la Uganda mwaka 2022.

Zilikuwa pia zama za reli. Njia ya kutoka Tororo kupitia Mbale ilifika Soroti mwaka 1929, na mwaka 1931 daraja la Jinja likawezesha garimoshi kuvuka Nile hadi Kampala. Pamba ilishuka kwenda Mombasa, vitambaa na chumvi vikapanda. Huko Baltiki nako timu zilisafiri kwa garimoshi na kwa meli. Wachezaji wa Estonia hawakuishi kwa mpira, kwa hiyo safari ya mechi ilimaanisha siku za kazi zilizopotea. Aliyetaka kuishi kwa miguu yake alilazimika kuhama, kama Arnold Pihlak, mshambuliaji aliyekwenda Vienna, ambako wachezaji walilipwa mshahara.

Mji uliokatwa katikati

Njia ya reli kutoka Tallinn kwenda Riga hupita katika mji uitwao Valga kwa Waestonia na Valka kwa Walatvia. Baada ya uhuru kila nchi ilidai mji huo ni wake. Walipokaribia kupigana wakamwita Mwingereza mmoja, Kanali Stephen Tallents, awe mwamuzi. Mwaka 1920 akapitisha mstari katikati ya mji. Sehemu kubwa pamoja na kituo cha reli ikawa Estonia, na sehemu iliyobaki ikawa Latvia. Ndugu wakajikuta katika nchi mbili, na aliyezoea kuvuka mtaa kwenda sokoni akajikuta anavuka mpaka wa nchi.

Mtu wa Busia hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua maana ya jina moja kuitwa pande mbili za kizuizi. Anajua maana ya kubeba sarafu mbili mfukoni: wakati wa Tipner, Estonia ilitumia krooni, Latvia ilitumia lati, na Lithuania ilitumia lita, na aliyefanya biashara katika nchi zote tatu aliumia kila alipobadilisha fedha. Leo mambo yamegeuka. Tangu Desemba 2007 hakuna ukaguzi wa mpakani Valga, na mtu huvuka kwa miguu kama anayekwenda kwa jirani. Nchi zote tatu zinatumia yuro, Estonia tangu 2011, Latvia tangu 2014, Lithuania tangu 2015. Safari ya kufika hapo ilichukua karibu miaka 90, na katikati yake kulikuwa na maafa.

Siku za wakubwa

Timu ya Tipner ilionja pia mechi za wakubwa. Tarehe 11 Juni 1933 Estonia ilicheza na Sweden mjini Stockholm. Hiyo ndiyo mechi ya kwanza kabisa ya mchujo wa Kombe la Dunia katika historia. Sweden ilishinda 6-2, lakini jina la Estonia limeandikwa mwanzoni mwa kitabu hicho milele.

Mwaka 1937 walijaribu tena. Sweden iliwafunga 7-2 mwezi Juni. Agosti wakaenda Finland, nchi ileile iliyowafunga 6-0 mwaka 1920, wakashinda 1-0. Siku 10 baadaye wakakutana na Ujerumani mjini Königsberg. Ujerumani ilikuwa tayari chini ya Hitler, na kila ushindi wa timu yake ulitumiwa kuwa propaganda. Estonia ilipata bao kipindi cha kwanza kupitia Georg Siimenson, wakaenda mapumziko wakiongoza. Kipindi cha pili Wajerumani walizidi nguvu, mechi ikaisha 4-1. Kwa dakika zile za kabla ya mapumziko, taifa la watu milioni moja lilikuwa limewanyamazisha mamilioni.

Mwaka uliofuata Kombe la Baltiki likarudi Tallinn. Ilikuwa furaha ya mwisho. Tipner alikuwa na miaka 32, na alibakiwa na muda mfupi katika jezi ya taifa. Taifa lenyewe nalo lilibakiwa na muda mfupi.

Nchi inafutwa

Tarehe 23 Agosti 1939 Ujerumani na Urusi ya Kisovieti zilitia saini mkataba wa kutoshambuliana. Nyuma yake kulikuwa na makubaliano ya siri ya kugawana nchi zilizokuwa katikati yao. Estonia iliwekwa upande wa Urusi bila kuulizwa. Juni 1940 majeshi ya Kisovieti yaliingia nchini kwa wingi, na Agosti mwaka huohuo Estonia ikatangazwa kuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Mwezi Julai, katikati ya hayo, timu ya taifa ilicheza na Latvia uwanja wa Kadriorg mjini Tallinn. Baada ya mechi hiyo umati uligeuka kuwa maandamano ya kizalendo. Timu ya taifa ya Estonia haikucheza tena mechi rasmi ya kimataifa kwa zaidi ya miaka 50.

Klabu zilivunjwa. Sport, iliyokuwa na mataji 9, ikafutwa kwa amri kama duka linalonyang'anywa leseni. Tarehe 14 Juni 1941 watu wapatao 10,000 walikamatwa usiku mmoja, wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa ndani ya Urusi. Wanaume walitenganishwa na wake na watoto wao. Wengi hawakurudi.

Wanasoka hawakusalimika. Eduard Eelma, aliyecheza Paris 1924 na kuifungia timu ya taifa mabao 21, alifia mikononi mwa Wasovieti eneo la Kirov mwishoni mwa 1941. Harald Kaarmann, mwenzake wa Paris, alifia kambini katika milima ya Ural mwaka 1942. Heinrich Uukkivi alifariki kambini 1943. Hao ni watu ambao Tipner alivaa nao jezi moja na kushangilia nao mabao. Pihlak, yule wa Vienna, alimalizia maisha yake uhamishoni Uingereza.

Katikati ya 1941 Wajerumani waliwafukuza Warusi, wakatawala hadi 1944. Machi 1944 ndege za Kisovieti ziliipiga Tallinn mabomu na kuteketeza sehemu kubwa ya mji. Vuli ya mwaka huo Warusi wakarudi, na safari hii walikaa hadi 1991. Katika miaka minne mji wa Tipner ulibadilisha watawala mara tatu, na kila mtawala alikuja na fedha yake, vibali vyake na orodha yake ya maadui. Evald Tipner alifariki Machi 1947 akiwa na miaka 41.

Jina linabaki

Utawala mpya haukuwa na sababu ya kuwatukuza wachezaji wa jamhuri iliyofutwa. Lakini wazee waliomwona akidaka waliwasimulia watoto wao, na Estonia ilipopata uhuru tena Agosti 1991, jina lilikuwa bado lipo. Timu ya taifa ilirudi uwanjani 1992. Kombe la Baltiki likachezwa tena. Na mashindano ya Kombe la Estonia, ambayo klabu kubwa na ndogo hushiriki pamoja, yakapewa jina la Tipner. Kijana anayecheza timu ya kijiji huko leo anaweza kuota kuinua kombe lenye jina la kipa aliyefariki kabla babu yake hajaoa.

Kuna mambo mawili ambayo watu wa Mbale na Jinja wanaweza kuyachukua hapa. La kwanza ni la biashara. Nchi ndogo zinazopakana zikingoja kualikwa na wakubwa, zitangoja sana, na wakubwa wakija huenda wasije kucheza. Zikifunguliana milango kwanza, zinapata uwanja wao wenyewe. Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja uenyeji wa fainali za Mataifa ya Afrika za 2027. Wanaolaza wageni, wanaopika na wanaosafirisha kati ya Malaba, Busia na Mutukula wanajua kwamba ukarimu huo una hesabu yake.

La pili ni la kumbukumbu. Mbale ilikuwa na timu ya Heroes iliyotikisa Uganda. Jinja imetoa wachezaji kwa vizazi vingi. Walikuwepo pia vijana wa miaka ya 1930 na 1940 waliopanda garimoshi kwenda Nairobi kugombea kombe la sabuni, wengi wao bila viatu vya mpira. Watu waliowaona kwa macho wanapungua kila mwaka. Makombe ya mitaa yetu hupewa majina ya wabunge, ya simu na ya bia, kwa sababu hao ndio wanaolipia. Gharama ya kuandika jina la kipa wa zamani kwenye kombe ni ndogo, haizidi kazi ya fundi mchongaji wa siku moja. Chama cha wafanyabiashara wa soko kinaweza kuimudu, na mjukuu wa kipa huyo akiliona jina uwanjani atajua kwamba ukoo wake haukusahauliwa.